Kumsoma Jirani kwa Insafu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya tarawehe, Kisauni, Mombasa. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimepewa dakika ishirini na tano, na kuna wenzetu wana haraka ya kuwahi feri warudi Likoni, kwa hivyo sitazungusha maneno. Walioniita walitaka nizungumze juu ya kusoma vitabu vya watu wa mila nyengine, na faida zake. Faida mwazijua. Kila mwalimu amezitaja tangu chekechea, na sisi ni umma ulioanza kwa amri ya kusoma. Nitakalo mimi usiku huu ni jambo zito kidogo. Vipi Muislamu wa hapa Kisauni, au wa Likoni, au wa Changamwe, atakisoma kitabu ambacho ndani yake aliyetajwa kwa ubaya ni yeye mwenyewe, au ni babu yake?

Maana vitabu vya kutusifu hatuhitaji kufundishwa kuvisoma.

Haya, tuanze hapa hapa mtaani. Kila siku makanga wa matatu waita, "Kengeleni! Kengeleni!" Twashuka pale, twapanda pale, twanunua viazi karai pale. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuuliza ile kengele ni ya nini? Pale njia panda pana mnara mdogo, na ndani yake yaning'inia kengele. Mahali penyewe ni Frere Town. Mwaka 1875 wamishenari wa Kanisa la Uingereza, wale wa CMS, walipafanya makao ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Jina ni la Bartle Frere, Muingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sayyid Barghash aifunge biashara ya watumwa. Juni mwaka huo mkataba ukatiwa sahihi, soko la Unguja likafungwa. Basi manowari za Kiingereza zikawa zayakamata majahazi baharini, na waliopatikana ndani yake, wengi wao watoto, baadhi wakaletwa ng'ambo hii ya Mombasa. Walikuta wenzao waliokuwa wamekombolewa zamani zaidi, wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik karibu na Bombay, kisha wakarudishwa Afrika. Hao wakiitwa Waafrika wa Bombay.

Na kengele? Kwa masimulizi ya wenyewe, ikilia kuwaonya watu pindi wakionekana wanaokuja kuwakamata tena na kuwarudisha utumwani.

Sasa hebu tuulizane polepole. Hao waliokuwa wakiogopewa hata watu wakawekewa kengele, walikuwa wakitoka wapi? Hawakutoka London. Hawakutoka Nairobi, kwani Nairobi ilikuwa haijazaliwa. Ndugu zangu, walitoka kwetu.

Kuna kitabu kiitwacho "Uhuru wa Watumwa". Mwandishi wake ni James Juma Mbotela, mtu wa Frere Town, wa ukoo wa hao hao waliokombolewa. Kilichapishwa London mwaka 1934, na tangu mwanzo kiliandikwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha mtu aliyezaliwa nacho. Chasimulia jinsi watu walivyotekwa huko bara, wakatiwa minyororo, wakatembezwa hadi pwani, wakashindiliwa ndani ya majahazi, mpaka manowari ilipowatokea. Kisha chaeleza maisha yao hapa, walivyojenga, walivyooana, walivyoanza upya watu ambao kila mmoja katoka kabila lake na hapana aliyebaki na ndugu. Kilisomwa mashuleni miaka mingi. Hivi leo si rahisi kukipata, na hata wanaokijua kwa jina wengi hawajakifungua.

Nikikitaja kitabu hiki mbele ya watu wetu, majibu huwa mawili, na yote mawili huja kabla ya mtu kusoma ukurasa wa kwanza. Wa kwanza husema, hayo ni maneno ya misheni, yameandikwa kutuchafulia jina. Wa pili husema, Uislamu ulimheshimu mtumwa, mtazame Sayyidna Bilal.

Nayachukua majibu haya moja moja, kwa sababu si majibu ya kijinga.

Kwamba ni kitabu cha misheni, ni kweli. Mbotela alilelewa na misheni, na Waingereza ndani ya kitabu chake wang'ara kama malaika. Hakutueleza kwamba Waingereza hao hao walikuwa na watumwa katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi mpaka 1834. Wafaransa nao katika karne ya kumi na nane walikuwa wakinunua watu Kilwa na kuwapeleka mashamba ya Mauritius na Réunion. Na utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani yetu hii mwaka 1907, serikali ya Kiingereza ililipa fidia, na aliyelipwa ni mwenye mtumwa. Mtumwa mwenyewe hakuambulia hata jembe. Mambo haya msomaji mzuri ayajue, ayaweke pembeni ya kitabu kwa kalamu ya risasi.

Lakini kuegemea kwa mwandishi hakufuti alichokiona. Shahidi anayempenda hakimu aweza bado kuwa amemuona mwizi. Tukisema "ni maneno ya misheni" tukafunga kitabu, itakuwa tumemhukumu shahidi na kesi tumeiwacha.

Na kesi ina mashahidi wengine. Januari 1889, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala hapa, chini ya George Mackenzie, iliwalipa wenye watumwa wa Mombasa na jirani zake ili watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia Rabai na misheni nyengine wapewe hati za uhuru. Watoro, nasema. Hawa hawakushushwa kutoka majahazini. Walitoroka kwa miguu yao kutoka majumba na mashamba ya pwani hii, wakapanda vilima vya Rabai. Huko Rabai aliyewapokea wengi ni William Jones, naye alikuwa mtumwa utotoni, akapelekwa Bombay, akarudi akawa kasisi. Basi yule mwenzetu anayesema mabwana wa hapa walikuwa wema sana kwa watumwa wao, naye ajibu swali dogo: elfu moja na mia nne walikuwa wakimkimbia nani?

Nenda nyuma zaidi, utamkuta msafiri wetu wenyewe, Ibn Battuta. Mwaka 1331 alipita Mombasa, akalala usiku mmoja, akaandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, wa madhehebu ya Shafii, misikiti yao ya mbao imejengwa vizuri, na chakula chao ni ndizi na samaki. Twapenda kuyataja haya. Kisha akashuka Kilwa, akamsifu sultani wake kwa ukarimu, na papo hapo akaeleza jinsi sultani huyo alivyokuwa akizishambulia nchi za watu weusi wa bara na kurudi na ngawira. Haya ya pili hatuyataji. Kitabu ni kile kile, mwandishi ni yule yule Muislamu, wala misheni hapakuwa.

Nije kwa Sayyidna Bilal, Allah amridhie. Kisa chake ni fahari yetu na kitabaki kuwa fahari yetu. Lakini tukisome sawasawa. Aliyemtesa Bilal kwa kumlaza juu ya mchanga wa moto alikuwa Umayya, mushriki. Abubakar akamnunua akamwacha huru. Hapa kwetu, aliyekuwa na mashamba ya mtama na ufuta Malindi, akalimiwa na mamia ya watumwa katika karne ya kumi na tisa, alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Kisa cha Bilal ukikitumia kumjibu mjukuu wa Frere Town, ujue umekipindua, maana yeye akikisikiliza ajiweka mahali pa Bilal, na wewe akuweka unapojijua.

Na hapa nataka wanafunzi wa madrasa wanisikilize vizuri, kwa sababu tuko Ramadhan. Sote tumesoma mlango wa saumu. Sote tunaijua kafara ya mwenye kuiharibu saumu yake ya Ramadhan kwa jimai mchana. La kwanza kumwacha huru mtumwa, asipoweza miezi miwili mfululizo, asipoweza kulisha masikini sitini. Twaihifadhi tungali wadogo, hata jimai hatuijui maana, maalim akituuliza twajibu bila ya kukosea. Nani kati yetu aliwahi kusita pale kwenye neno la kwanza, akauliza huyo mtumwa ni nani? Ana jina gani? Mamake yuko wapi? Sheria yetu ilimfungulia milango ya kutoka kila mahali: katika kafara, katika viapo, katika zaka. Milango yote hiyo ilikuwa wazi hapa pwani miaka elfu moja. Kwa nini basi ikahitajika kengele?

Swali hili silijibu mimi usiku huu. Nasema tu kwamba halitoki katika kitabu cha fiqhi pekee, wala halitoki katika kitabu cha Mbotela pekee. Latoka unapovisoma vyote viwili usiku mmoja.

Kuna neno moja nataka mwende nalo. Neno ungwana. Zamani hizo muungwana alikuwa ni mtu huru, asiye mtumwa wala mtoto wa mtumwa. Ndipo likachukua maana ya adabu njema, kana kwamba adabu ni mali ya waliozaliwa huru. Sasa, wazee mwakumbuka ile sauti ya redioni tangu 1966, kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Alizaliwa Frere Town, wa ukoo huo huo wa Mbotela. Kwa zaidi ya nusu karne, mjukuu wa waliokombolewa aliiuliza Kenya nzima, wakiwemo wajukuu wa mabwana, kama mwenendo wao ni wa waungwana. Na sote twacheka, twamjibu, "La, huu si ungwana!" Sijui kama mwenyewe aliliona hilo, lakini mimi nikilifikiria nywele zanisimama.

(Na tukiwa kwenye maneno, neno ustaarabu nalo mlitazame vizuri ndani yake. Lakini hilo la siku nyengine.)

Mtu ataniuliza, kwa nini kusoma? Jirani yupo, si nikamuulize? Muulize, ni vyema. Lakini jirani yako Mkristo wa Frere Town ni mtu wa Mombasa, ana haya. Umemletea sambusa na kaimati jioni ya Ramadhan, atakwambia nini? Atakwambia ahsante, na mfungo mwema. Yale aliyoyasikia kwa bibi yake hatakwambia mlangoni. Hayo huandikwa. Kitabu hakikuonei haya, wala huwezi kukikatiza kikiwa katikati ya maneno. Ndiyo maana twakiogopa.

Wazazi wana wasiwasi wao, nao ni wa haki. Kijana wa Kiislamu akisoma vitabu vya makasisi na vya watu wa imani nyengine, je, hatayumba? Nasema hivi. Wazazi wetu walitusomesha Qur'ani kabla ya kitu chochote, na aliye na msingi hayumbi kwa kusoma. Na jambo hili halikuanza nasi. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, aliishi zama ambazo Sultan Mahmud wa Ghazna alikuwa akiishambulia India mara kwa mara. Ilikuwa rahisi kwake kuandika kitabu cha kuwacheka Wahindi. Alichofanya ni kujifunza lugha yao ya Sanskriti akiwa mtu mzima, akasoma vitabu vyao, akaketi na wanachuoni wao, na kufikia mwaka 1030 hivi akamaliza kitabu kikubwa juu ya dini yao, hesabu zao, nyota zao na desturi zao. Mwanzoni amwambia msomaji kwamba hakuandika kujadiliana nao. Awaeleza kama wanavyojieleza wenyewe, na anayetaka kuwajibu aende akawajibu kwengine. La ajabu zaidi, alipoeleza kwa nini Wahindi wawachukia Waislamu, hakusema ni kwa sababu ya ukafiri wao peke yake. Alitaja pia uharibifu uliofanywa na Mahmud, yaani bwana wake, ambaye nchi yake ndiyo aliyokuwa akiishi. Alisali swala tano mpaka kufa kwake, na hapana aliyesema al-Biruni alitoka katika dini kwa sababu ya kuwaeleza Wahindi kwa haki.

Hapa kwetu tunaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, rahimahullah, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alianzisha karatasi ya "Sahifa" mwaka 1930 na gazeti la "Al-Islah" mwaka 1932 hapa Mombasa, akiwaamsha Waislamu wasome na wajue dunia yaenda vipi. Hakuwa mtu wa kuwapenda wakoloni. Lakini hakuwafundisha watu wake kuziba masikio.

Na insafu ni deni la pande zote. Kwa hivyo nitaje na upande wa pili. Kila mtu wa Mombasa ajivunia Muyaka bin Haji, mshairi wa zama za Mazrui, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Je, twajua mashairi yake yametufikia vipi? Muyaka hakuacha diwani. Yalikuwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa hapa, aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, na mwenzake katika kazi hiyo alikuwa kasisi, William Taylor wa CMS. Naam, misheni ile ile ya kengele. Taylor alikuja Mombasa kuhubiri Ukristo, hakuficha. Lakini alipoyasikia mashairi ya Muyaka aliketi chini akayaandika, akauliza kila neno gumu, akaandika maelezo pembeni. Karatasi zake zikahifadhiwa London, na mwaka 1940 William Hichens akaitoa "Diwani ya Muyaka" Afrika Kusini. Lau kasisi yule angelisema haya ni maneno ya Waislamu hayanihusu, na lau Mwalimu Sikujua angelisema huyu ni kafiri simpi kitu, leo tungekuwa na jina la Muyaka na beti chache za kubahatisha. Wawili wale, wala hapana aliyebadili dini yake.

Sasa nivuke feri, niende Likoni, na hapa nawaomba utulivu.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini wengi mlioketi hapa mwaukumbuka. Polisi waliuawa, nyumba na vibanda vikachomwa, na waliokusudiwa walikuwa watu wa bara: Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya. Karatasi zilikuwa zimesambazwa kuwaambia waondoke. Ghasia ziliendelea wiki kadhaa, zaidi ya watu mia moja wakafa, maelfu kwa maelfu wakakimbia, wengine wakalala uwanjani kwenye kanisa Katoliki la Likoni. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza, na ripoti yake ilipotolewa hadharani mwaka 2002 mkono wa wanasiasa ulionekana ndani yake. Uchaguzi ulikuwa karibu, na vijana wetu walitumiwa.

Hayo ya wanasiasa ni kweli, lakini mwanasiasa hupanda mbegu palipolimwa. Palipolimwa ni pale mtu aliposema "mbara" na neno lenyewe likatosha, lisihitaji jina wala kisa. Mbara amekuja kutunyang'anya ardhi, kazi, bandari. Na malalamiko ya ardhi si ya uongo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha watu wengi wa pwani, khasa Mijikenda, wakiwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Jeraha hilo mpaka leo halijafunga.

Basi naomba vijana wa Likoni wasome riwaya moja, "Weep Not, Child" ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964. Mwandishi ni Mkikuyu, na watu wa kitabu chake ni Wakikuyu. Mle kuna mzee aitwaye Ngotho. Kila siku aamka kwenda kulima shamba la mzungu, na shamba lenyewe ni ardhi ya wazazi wake. Ailima kwa mapenzi kwa sababu yeye ajua ni yake, mzungu ajua ni yake, na karatasi iko kwa mzungu. Soma mpaka umalize. Kisha uniambie huyo mzee ana tofauti gani na mzee wetu wa Mtongwe au wa Bombo anayengojea hati. Simaanishi kwamba yeyote aliyekuja kuchukua ardhi ya pwani alikuwa na haki. Wapo wakubwa waliojigawia fukwe, na wao nao wasomwe, wana vitabu vyao. Nasema kwamba mwenye kibanda cha mitumba aliyechomewa pale Likoni hakuwa mkubwa. Yawezekana kabisa alikuwa mjukuu wa Ngotho, aliyekuja pwani kwa sababu na kwao ardhi ilichukuliwa. Mtu uliyekwisha kumsoma hivyo, kiberiti huwa kizito mkononi.

Na wao je, wametusoma? Wako waliotusoma. Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mtu wa magharibi ya Kenya. Mwaka 1996, mwaka mmoja kabla ya ghasia za Likoni, alitoa riwaya ya "Siku Njema". Shujaa wake ni kijana wa Tanga, mamake ni muimbaji wa taarab, na jina alilobandikwa kwa ustadi wake wa lugha ni Kongowea Mswahili. Kongowea, soko letu hili la hapa nyuma! Kijana huyo asafiri mpaka Kitale kumtafuta babake. Mtu wa bara aliyaweka maisha ya mtoto wa pwani katikati ya kitabu chake, akayaandika kwa huruma, na watoto wa Kenya nzima wakakisoma darasani. Nawauliza wenzangu wanaoandika hadithi: nani kati yetu amemuandika kijana wa Kitale hivyo?

Dakika zangu zakaribia kwisha, maalim anitazama saa.

Namna ya kusoma, basi, kwa ufupi, kama tunavyofanya wenzangu wachache chuoni. Kitabu ukikisoma mara ya kwanza usikijibu. Kalamu iweke mbali. Kisome kama kwamba mwandishi amekuja kwako mgeni na hajamaliza kinywaji. Ukifika mahali pakuume, pawekee karatasi upite, usisimame hapo kugombana. Mara ya pili ndipo uchukue kalamu, na hapo kila dai lidai ushahidi wake, bila ya kumuonea haya kasisi wala sheikh. Na jambo la kuuliza kwanza ni hili: je, neno kama hili lingesemwa na mtu wetu, ningelipokea? Surat al-Maida, aya ya nane, yatukataza chuki ya watu isitutoe katika uadilifu. Tumezoea kuisoma aya hiyo kwa mahakimu. Nayo ni ya wasomaji pia.

Na yote haya baada ya juzuu yako ya siku. Asije mtu akamwambia mamake kwamba kijana wa chuo amesema tuwache Qur'ani tusome riwaya.

Mwisho ni tangazo. Tumepata nakala moja ya zamani ya "Uhuru wa Watumwa", mwenyewe ametuazima kwa sharti isitoke nje ya Kisauni. Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, baada ya Laasiri, tutaisoma kwa sauti hapa barazani, sura kwa sura, vijana wa kike na wa kiume kwa zamu. Tumewaalika wazee wawili wa Frere Town waje waketi nasi. Hawakuitwa kuhubiri, na sisi hatutawahubiria. Watasikiliza tukiwasomea habari zao, na tukikosea watusahihishe. Mmoja tayari amekubali, na ameuliza kama kahawa itakuwa ya tangawizi. Nimemwambia itakuwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.